Tanuri la Nyuma ya Kanisa

Shubra, Kairo
12 Februari 1989

Mpendwa Estir,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwenu. Hujambo? Kaka yangu hajambo, na mgongo wake unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila baridi imetukaa vifuani.

Nasikia umemaliza shule na unakaa tu. Nina kazi ya kukupa. Kamati yetu ya huduma imechanga ili tuwajengee Kituo huko kijijini, nyuma ya kanisa, pale penye lile tanuri bovu. Kutakuwa na vyerehani, darasa la kusoma, na mafuta na mchele kila mwezi kwa maskini wetu, ndugu wa Bwana. Kasisi wenu, Abuna Bisada, amekubali.

Lakini wachangiaji wanasema kanisa lisimhudumie mtu lisiyemjua, na mimi nimeondoka huko miaka mingi. Basi pita nyumba kwa nyumba, uliza nani ana shida gani, uniandikie majina. Usione haya. Haya haijamlisha mtu.

Shangazi yako,
Insaf


Naga Bakhum, Sohag
3 Machi 1989

Shangazi mpendwa,

Naubusu mkono wako. Kifua kimepoa? Mama anasema uchemshe majani ya mpera. Baba anakusalimu, mgongo wake ni ule ule.

Nilipita nyumba tatu tu. Ya kwanza wakaniambia, "Tunamshukuru Mungu, tumeshiba," wakanipa chai yenye sukari nyingi, na kopo la sukari nililiona tupu. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu mama mwenye nyumba aliniuliza, "Binti Aziz, umetumwa kuja kuchungulia vyungu vyetu?" Nikakimbia, shangazi. Nililia njiani. Unajua mimi kwa mdomo siwezi kitu, naweza kwenye karatasi.

Siku hizi nakaa kwenye tanuri kila Jumamosi na unga wa Mama. Pale siulizi, nasikia tu. Umezaliwa hapa, unajua mkate wetu wa jua: madonge yanaanikwa darini juu ya sahani za udongo mpaka jua liyaumue, halafu wanawake wote wanashuka nayo kwa Mama Gadi, yule mjane anayechochea moto. Kila mmoja anamwachia mkate. Mingine anakula yeye, mingine anaiweka kwenye kapu. Mwanamke akikosa kuja na unga, hakuna anayesema neno. Hajati Nafisa, anayekaa ubavuni kwa mke wa Abuna wakitaniana tangu asubuhi, atasema tu, "Estir, rudisha sahani za fulani, ziko njiani kwako." Chini ya kitambaa kuna mikate ya kapuni. Anayepokea anasema, "Ahsante kwa kunirudishia sahani," basi. Haulizwi Mkristo wala Mwislamu.

Wiki iliyopita sahani hizo nilizipeleka kwa mtu anayetusomea waraka kanisani kila Jumapili. Abuna hajui. Jina siandiki.

Tafadhali, Kituo kijengwe mahali pengine, hata kwenye shamba letu, Baba hatakataa. Tanuri likivunjwa, kanisa halitajua tena nani analala na njaa.

Mtoto wa kaka yako,
Estir


Shubra
20 Machi 1989

Estir,

Amani kwenu. Sisi wazima.

Nilikutuma majina, ukaniletea moshi. Tanuri lile nalijua kabla hujazaliwa: macho mekundu, umbea, na kovu la moto la mama yangu, juu ya kiwiko. Watu wazima wenye akili wamekaa vikao, wamechora ramani, wamesali. Wewe umekaa juu ya gunia la pumba ukasikiliza porojo, sasa unatufundisha kanisa ni nini.

Tena nani kakuambia sadaka za waumini wa Shubra ni za kumlisha Nafisa?

Fundi Ramsis anakuja kabla ya Pasaka. Usiniandikie tena habari za mikate.

Shangazi yako,
Insaf


Naga Bakhum
24 Aprili 1989

Shangazi,

Naubusu mkono wako. Sisi ni wazima wa mwili.

Fundi wenu alikuja juzi, Jumamosi ya Lazaro. Shangazi, katika siku zote za mwaka! Wiki ya Mateso yote tunashinda kanisani, kila nyumba huoka Jumamosi hiyo mkate wa kutosha mpaka Pasaka. Na Waislamu wako katikati ya Ramadhani, wanangoja mkate wa kufuturu. Asubuhi ile dari zote za kijiji zilikuwa nyeupe kwa madonge.

Mama Gadi alisimama mbele ya tanuri na koleo lake. Akasema, "Mwanangu, ngoja mpaka adhuhuri tu. Unga umeshaanza kuumuka, hauwezi kurudi nyuma."

Ramsis akajibu, "Bibi, mimi nalipwa kubomoa. Silipwi kungoja mikate."

"Basi bomoa, lakini mama yako amekulea kwa mawe?"

Akabomoa. Juu ya dari jua likawaka, unga ukafura, ukamwagika nje ya sahani, ukachacha. Hakuna nyumba yenye tanuri la kubeba mikate yote ile. Hajati Nafisa ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alibeba donge mikono miwili, akalibandika kwenye lango la kanisa, paa! Akasema, "Haya, kanisa, kula wewe basi, sisi si tumefunga?" Wengine wakamfuata, Wakristo na Waislamu. Wanaume walikuja mbio na fimbo wakidhani ni vita vya dini, wakakuta ni vita vya wanawake, wakarudi walikotoka. Abuna alitoka kusuluhisha, donge likamkaa kwenye ndevu. Limetoka kwa mkewe. Amesema mkono uliteleza.

Mimi pia nilirusha. Na ningejua njia ya kulifikisha Shubra, ningelituma la kwako.

Mtoto wa kaka yako,
Estir


Shubra
10 Juni 1989

Estir,

Amani kwenu. Baba yako hajambo? Kifua changu kimepona, hukuuliza.

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliona aibu kwamba barua ile imetoka kwenye damu yetu. Katika ujana wangu binti aliyemjibu shangazi yake hivyo alikuwa haolewi.

Kituo tulikizindua, umeona mwenyewe. Niliwaona mmesimama ng'ambo ya njia, mikono kifuani, kama mnaoangalia maiti ya mtu msiyemjua. Siku ya mafuta na mchele walikuja watu. Alikuja mwenye nyati wawili wa kukamua, alikuja mjomba wa mkuu wa kijiji. Waliochukua wanacheka, na wasionacho hawakufika. Vyerehani vimefunikwa shuka. Wachangiaji wananiuliza ndugu wa Bwana wako wapi, namuuliza Abuna, Abuna anaangalia viatu vyake.

Wewe unawajua. Niandikie majina. Nakuamuru kama dada wa baba yako. Na huyo Mama Gadi aje afagie Kituo, atalipwa.

Shangazi yako,
Insaf


Naga Bakhum
25 Juni 1989

Shangazi,

Naubusu mkono wako. Nafurahi umepona kifua. Baba amesoma barua yako, amenipiga marufuku kutoka wiki nzima, na ameniamuru nikuombe radhi kwa lugha yangu. Naomba radhi kwa lugha. Kwa maneno siombi.

Majina sikuandikii. Nikikuandikia utayasoma kwenye kikao, na watu hawa wamejificha wasionekane hata na jirani wa ukuta mmoja.

Mama Gadi nimemfikishia salamu zako. Amesema, "Mwambie shangazi yako nimefagia majivu yangu tangu mume wangu afe. Ya kwake sina nafasi."

Tanuri lipo. Wanawake wamelifinyanga upya kwenye ua wa Hajati Nafisa. Kapu lipo pia. Kanisa tu ndilo halipo. Msomaji wetu wa waraka sasa analishwa kutoka nyumba yenye Kurani ukutani, na Jumapili anasimama mbele yetu anasoma habari za upendo. Mimi nainamisha kichwa.

Jumamosi iliyopita Abuna alikuja. Alikuwa amebeba sahani za mkewe kichwani mwenyewe, kilemba kimekaa upande, jasho linamtoka. Akataka kupita mbele, kama alivyozoea kupishwa. Hajati Nafisa akamwambia, "Foleni, Abuna. Huku si madhabahuni." Akasimama nyuma yangu. Hakuna aliyemkaribisha. Halafu mmoja akaanza kulalamika habari za mkwewe, wakasahau kama yupo. Alipofika, Mama Gadi alichukua mkate wake mmoja akautia kapuni, hakumwambia ahsante. Wakati wa kuondoka alimpa sahani zilizofunikwa: "Zirudishe kwa wenyewe, ziko njiani kwako." Akamtajia nyumba. Nilimwona Abuna akibadilika rangi. Nyumba ile anaitembelea kila mwezi, anakunywa chai.

Juzi Abuna alikuja kumwomba Mama hamira.

Ukitaka kuwajua, usitume fundi wala mtoto wa shule. Kanda unga wako, uje usimame nyuma ya watu. Watakutukana. Vumilia.

Mtoto wa kaka yako,
Estir


Shubra
8 Julai 1989

Estir,

Sijakusamehe, na wewe najua bado. Nafasi yangu kwenye kamati amepewa mtu mwingine, kwa hiyo naja peke yangu, kwa treni ya Alhamisi. Usimwambie baba yako aje stesheni na majirani.

Nimekaa jikoni tangu asubuhi nikijaribu kukumbuka. Sahani za udongo mnazinyunyizia pumba kwanza, au donge linakaa juu ya udongo mtupu? Na linaanikwa jua likiwa bado changa, au mpaka lianze kuchoma?

Jibu upesi. Usiandike kitu kingine.

Shangazi yako,
Insaf