Ruta Uliyonifungia

Mjukuu wangu Yohana,

Huku Mvumi tu wazima. Mtama tumeshavuna. Shangazi yako amehamia Chamwino, kwa hiyo nyumbani nimebaki peke yangu.

Umeuliza kama nimeielewa ile ruta. Nimeielewa. Mtandao unaingia kwa laini moja, na ruta inaugawa kwa simu na televisheni. Waifai ni kuupitisha hewani bila waya, na nenosiri ni ufunguo wa kuwazuia wapita njia.

Kazi hiyo ya kugawa niliifanya mwenyewe nikiwa msichana, kwenye mitambo ya simu ya ofisi moja Dodoma mjini. Siku moja mama mmoja alipiga akimtaka mwanawe, karani wetu. Nilipompigia karani kabla ya kuwaunganisha, akaniambia, "Mwambie sipo."

Nikamwambia. Mama akasema, "Basi zungumza nami wewe kidogo, mwanangu."

Simu nyingine zilikuwa zinangoja. Nikachomoa waya wa simu yake, ikakatika.

Leo ningezungumza naye mpaka achoke mwenyewe.

Ukipata nafasi, piga. Ukiwa na kazi, niambie tu kwamba una kazi. Nitaelewa.

Mungu akutunze huko uliko.

Bibi yako,
Yudithi