Honi Mbili

Tarehe 4 Juni

Mpendwa baba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umepunguza maringo yake. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo lakini hospitali hataki kuisikia, unamjua. Nimeandika kwa kuwa injini zilikumaliza masikio, na kwenye simu mimi huishia kugombana na jirani kwa kelele zangu.

Nina jambo. Chama chetu cha wapenda malori kitapiga kambi mwezi wa nane, kwenye uwanja ulio nyuma ya kinu cha zamani. Mahema, moto, na maneno mengi. Usicheke. Mwenyekiti wetu ni daktari wa meno. Amenunua lori kuukuu na rimu zake anazisugua kwa mswaki. Mimi ndiye fundi wao wa pampu za dizeli, kwa hiyo wananiheshimu kuliko yeye.

Nimeipata honi ya lori lako. Alikuwa nayo muuza vyuma chakavu, nikaijua kwa ule ufa uliouziba kwa shaba kabla hujaondoka nyumbani. Bado ina sauti ya mtu mwenye mafua. Nimeifunga kwenye lori langu. Nataka ukae mbele pamoja nami, tuongoze msafara, na tukipita nyumbani kwa mama upige honi mara mbili kama zamani. Hukuwahi kusimama, lakini ulipiga. Mama alikuwa akisema, "Baba yako huyo, anakusalimu," nami hutoka mbio mpaka barabarani kupunga mkono kwenye vumbi.

Nilipokuwa darasa la nne ukaacha. Wiki hiyo nilikuwa nimelirushia lori lako jiwe, kwa hasira kwamba husimami. Lilikupata, baba? Nimelibeba moyoni mpaka leo. Ukishanijibu nitakutumia tarehe kamili ya kambi.

Mwanao,
Spana

Tarehe 19 Juni

Mwanangu Spana,

Marahaba. Mimi ni mzima. Mgongo ndio mwenye nyumba, mimi mpangaji tu. Msalimie mama yako, mwambie kikohozi hakibembelezwi.

Barua yako imenifurahisha mpaka mke wangu akauliza nimeokota nini. Nitakuja. Ila uwanja wa kinu naujua, upande wa chini udongo wake unameza matairi. Egesheni juu, pua zote zitazame njia, na choo mchimbe mbali na upande unakotoka upepo. Daktari wako mwambie rimu haziozi kwa peremende.

Hiyo habari ya honi imenichekesha. Ile ilikuwa ya kona, mwanangu. Palikuwa na kibao pale, anayekuja mbele huwezi kumwona, na usipopiga honi mara mbili unapigwa faini. Kila dereva alipiga. Baadaye wakainyoosha barabara, kibao kikang'olewa, nani angehangaika tena? Jiwe silikumbuki. Kwani mlikuwa mkikaa pale tangu wakati ule? Mimi nilijua mko kwa mjomba wako.

Nipe tarehe. Koti langu la safari nimeshalitoa sandukuni.

Baba yako

Tarehe 14 Julai

Mwanangu,

U hali gani? Mama anaendeleaje? Sijapata jibu, labda barua yangu imepotea. Kambi ni siku gani? Wastaafu wenzangu nimewaambia naongoza msafara, sasa wananiita mheshimiwa. Usiniangushe.

Baba yako

Tarehe 9 Agosti

Mwanangu,

Natumai u mzima. Nimeisoma tena barua yako ya kwanza, polepole, pale penye jiwe. Mke wangu ameniita mpumbavu.

Basi tuseme hivi: honi ilikuwa yako. Shika hilo, na mama yako umwambie hivyo. Mimi mzee, nakumbuka vibaya. Nitajie siku tu, nitakuja hata kwa miguu.

Baba yako

Tarehe 27 Agosti

Shikamoo.

Natumai hujambo. Kambi imekwisha. Malori tuliyaegesha juu kama ulivyosema na hakuna lililozama. Kwa hilo asante.

Malori mengine nayo yalikuwa yakipiga honi pale, nakumbuka vizuri. Nilidhani madereva wake nao wana watoto hapo mtaani. Nilipopata barua yako nilimuuliza mama kwa nini tulihamia pale, penye vumbi lote lile. Akasema ndiyo ilikuwa njia yako.

Honi niliifungua siku ile ile nikampa daktari wa meno, maana lori lake lilikuwa bubu. Kwa hasira sikufikiri kwamba naye atapita barabara hiyo hiyo. Siku ya msafara mama alikuwa mlangoni tangu asubuhi, amevaa gauni lake la kutokea. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba utakuja, na sikupata moyo wa kuyarudisha maneno. Daktari akapiga mara mbili, kona hamna, furaha zake tu. Mama alitoka mpaka barabarani, na kikohozi chake, akapunga mkono kwenye vumbi.

Jioni akaniuliza kama ulikuwamo. Nikasema ulikuwamo, ila hukuweza kusimama.

Hakushangaa. Akasema, "Lakini amenisalimu."

Usije ukamwandikia kumweleza habari za kona.

Fundi wa pampu