Kaka Rahimzada, Aliyelikataa Faili la Gulmina

Nilimpunguzia binti yangu umri kwa miaka miwili, na wewe, kaka Rahimzada, ukalikataa faili lake la kuingia chuo cha uuguzi. Tangu siku ile mpaka tunakuzika sikukusemesha. Leo umetimiza mwaka mmoja udongoni, na kazi ya kukuandikia nimepewa mimi niliyeiacha kalamu darasa la tano. Shemeji Shaperai alisema, "Wewe ndiye uliyemnunia. Andika."

Haya, naandika.

Miaka ishirini na sita ulikaa dirisha la kwanza la udahili. Msimu wa fomu ukianza uliacha ugoro, ukisema unatia karatasi madoa. Kila kitu ulikiandika kwa penseli kwanza. Pini ulizichomoa moja moja kwa kucha, kwa sababu pini hushika kutu na kutu hula tarehe. Cheti halisi cha mtoto hakikulala ofisini kwako hata siku moja. Ulitoa nakala, ukamrudishia mwenyewe mkononi, ukamwambia avihesabu vyeti vyake mbele yako kabla hajaondoka.

Nyumbani ulikuwa mpole mpaka tukakuchoka. Ulikula mkate wa jana ili watoto wapate wa moto. Ulimmenyea machungwa mama yetu alipokuwa haoni tena, ukamtolea na kokwa. Hukuwahi kunicheka kwamba mimi ni fundi wa rejeta za magari na wewe ni mtu wa ofisi.

Kosa lilikuwa langu. Siku nilipompeleka Gulmina darasa la kwanza, mwalimu mkuu aliuliza kama nataka kumpunguza. Nikasema mpunguze miwili. Hapa mjini Mardan tunafanya hivyo sote, mtoto aje apate muda mrefu wa kuomba kazi ya serikali. Nilisahau kwamba mama yake alishamwandikisha halmashauri kwa tarehe ya kweli. Kwa hiyo miaka kumi na miwili baadaye msichana mmoja akasimama dirishani kwako na karatasi mbili, na kila karatasi ina umri wake.

"Halipiti, Bakht," ulisema.

"Kaka, mimi ni ndugu yako."

"Ndiyo maana nimelisoma mara mbili."

"Wengine wanapitisha!"

"Wanapitisha. Mwaka wa tatu watu wa leseni ya uuguzi wanafungua faili, wanaona umri tofauti, wanamtoa. Nimeona wasichana wanne wakitolewa. Unataka uje umchukue bwenini yeye na godoro lake?"

"Unanitia aibu mbele ya watu."

"Umejitia mwenyewe. Una grisi puani tangu asubuhi na unapiga kelele kama mwenye shamba."

Foleni nzima ilicheka. Nililichukua faili nikaenda nalo dirisha la pili. Yule karani kijana aliona alama yako ya penseli pembeni, akanirudishia kama limemuunguza vidole. "Mzee wangu, faili alilolikataa Rahimzada nilipitishe mimi? Nina watoto, bwana."

Nafasi ya Gulmina ilikwenda kwa mwingine. Mwaka mzima alikaa nyumbani akifua mashati yangu yenye grisi, na kila shati lilipokauka nilizidi kukuchukia. Ulipopita mbele ya karakana yangu nilimwambia fundi mwenzangu, "Angalia, muhuri unatembea." Ulisikia. Ulitoa salamu, ukaendelea na njia yako.

Majira ya baridi Gulmina aliniletea karatasi nitie saini. Nikamuuliza ya nini. Akasema ni mambo ya shule. Kusoma kwangu unakujua, nikaitia.

Kaka, mengine nimeyajua baada ya matanga. Nilikuwa nimekaa uani kwako nikisema eti hukutujali, na Shaperai akaweka birika chini kwa kishindo. "Hakuwajali? Alhamisi zote zile unafikiri alikuwa anakwenda wapi? Harusini?"

Ulikuwa unakwenda bodi ya mitihani, mwendo wa saa tatu kwa basi kwenda na saa tatu kurudi, kumsahihishia mwanangu tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti chake cha shule. Mara wakataka daftari la shule, mara barua ya mwalimu mkuu, mara daftari la hospitali. Ukirudi na hiki, wanataka kile. Gulmina alijua. Ulimkataza asiniambie. "Baba yako atakuja kupigana na makarani, tuanze upya."

Na ile karatasi niliyoitia saini ilikuwa kiapo changu cha kukiri kwamba nilibadilisha umri. Uliiandika wewe. Gulmina alinisomea nakala yake. Uliandika kwamba nilifanya hivyo kwa kutojua. Kaka, nilijua. Mwalimu mkuu aliniuliza na nikachagua miaka mwenyewe. Wewe, uliyemkatalia hata hakimu mmoja aliyekuletea tarehe isiyo ya kweli, uliniandikia mimi neno moja la uongo ili nisifungwe.

Cheti kilichosahihishwa kilitoka Alhamisi. Jumatatu iliyofuata moyo wako ulisimama ukiwa unavaa viatu kwenda kazini.

Gulmina ameingia chuoni. Karani aliyekalia kiti chako alilipekua faili ukurasa kwa ukurasa, akatafuta kosa, hakuliona, akagonga muhuri. Nilisimama nje.

Tunaokukumbuka ni mkeo Shaperai, wanao Junaid na Wagma, dada yetu Zarghuna, Gulmina na mama yake, na mimi mdogo wako, Bakhtzada. Maadamu kuna mmoja wetu anayepumua, hutasahauliwa.

Na hii ndiyo gharama ya neno nililolisema kwa mwalimu mkuu. Mwaka mmoja wa Gulmina. Alhamisi kumi na moja zako. Likizo yako yote ya mwisho. Neno moja la uongo mkononi mwa mtu asiyeandika uongo. Na Idi mbili ulizonitumia sahani ya nyama, nami nikairudisha ikiwa imefunikwa vilevile.