Kitufe cha Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Nimo ndani ya gari, nje ya kliniki. Mama watoto yuko ndani kwa yule anayemkunja na kumkunjua goti. Kitabu hiki nimekitoa kwenye droo ya dashibodi, mahali pake pa siku zote. Nilizoea hivi tangu enzi za kufundisha udereva: mwanafunzi kwa mtahini, mimi na kalamu. Leo mwandiko kama wa kuku.

Kuna kilichotokea. Basi niseme: nimepotea.

Na wala si mbali! Kutoka duka la dawa hadi hapa ni barabara moja na kona mbili. Nimemshusha, nikaenda kumchukulia vidonge vyake, nikarudi garini, nikawasha — barabara ikawa ngeni. Majengo yaleyale, lakini hayakuniambia kitu. Kama unapokutana na mtu, sura unaijua, hukumbuki mnajuana wapi. Nikapinda kulia. Nikapinda tena. Nikajikuta nyuma ya ghala la mbao ambalo sijawahi kuliona. Au nimeliona maisha yangu yote, sijui. Nikajikaza kisabuni, nikaifuata pikipiki iliyobeba magodoro kwa sababu tu ilionekana inajua inakokwenda. Ikanitoa barabara kubwa.

Mimi! Niliyefundisha nusu ya mji huu! Mpaka leo wananiita Mwalimu Indiketa, kwa jinsi nilivyokuwa nikiwafokea. Indiketa! Indiketa! Waambie walio nyuma yako unakwenda wapi!

Huyo anakuja. Leo anachechemea kidogo tu.

Jumatano, 5 Machi

Si mara ya kwanza. Nilijiapiza sitaliandika hilo, na nimeshaliandika.

Binti mkubwa alikuja jana. Hajaweka hata mkoba chini, kaona bampa. Nani kalikwaruza, baba? Nikasema nguzo ilinifuata. Hakucheka. Nguzo yenyewe ni ile ya kona yetu, mbele ya duka la fundi cherehani — naipita kila siku ya Mungu. Akaanza kwa ile sauti yake ya wodini, ya kumwambia mgonjwa sindano haiumi: kwamba gari ni gharama, kwamba siku hizi teksi unaiita kwa simu tu, kwamba labda tufikirie kuliuza. Labda. Nesi akisema labda ujue ameshaamua.

Mama yake akamkatiza palepale. Baba yako ataacha kuendesha siku atakayoacha kupumua! Alisema kwa fahari, kidevu juu. Ndicho kilichoniuma.

Wakijua, ufunguo unakwenda. Ni kweli goti la mama yao halipandi basi, lakini nisijifiche nyuma ya goti la mtu. Naogopa kwa ajili yangu mwenyewe. Ukinitoa kwenye usukani nabaki nani? Mzee wa kusogezewa kiti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata wazo. Leo tulisimama sambamba na teksi kwenye taa. Dereva kijana, anatafuna, hana habari na dunia, na kwenye dashibodi yake sauti ya mwanamke inamwambia: pinda kushoto. Kwa Kiswahili! Akapinda kushoto.

Letu lina skrini pia, lakini ya Kijapani. Limekuja nayo hivyohivyo melini. Ramani yake ni ya kwao, kwa hiyo kwenye skrini tuko katikati ya bahari siku zote, hata tukiwa sokoni. Na ina bibi wake ndani. Ukiwasha gari tu anasalimia, sauti nyororo. Mama watoto anamwita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu kaamka vizuri leo," atasema, halafu atamjibu, "na wewe pia, dada." Kila asubuhi, miaka yote hii. Hachoki.

Sasa nitasema nini? Kwamba nataka mwingine wa kunionyesha njia ya nyumbani kwangu? Atauliza kwa nini. Yule akiuliza kwa nini hukwepi.

Lakini skrini hizi nazijua. Chomoa betri, inajifunga, inadai namba ya siri ambayo aliyeijua amebaki ng'ambo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya. Yeye akiwa jikoni na redio yake, mimi na spana chini ya boneti kama mwizi. Nikachomoa. Nikasubiri. Nikarudisha. Nikawasha — maandishi mekundu, visanduku vitupu, kimya.

Mchana tukatoka. Akafunga mkanda, akasubiri salamu. "Vipi, mke mwenzangu kanuna?" Nikasema betri ililegea, ndiyo imemfunga, hafunguki tena. Akaipapasa skrini kwa kidole. Maskini, akasema, hata hatukuagana.

Najisikia muuaji. Kweli kabisa. Sijawahi kumdanganya huyu mwanamke kwa kitu kikubwa, na sasa nimeanzia kwenye betri.

Jumatatu, 10 Machi

Gereji kwa Spika. Jina lake la kuzaliwa nadhani hata yeye kalisahau. Tangu aanze kufunga redio za magari ni Spika tu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha. Alikuwa mgumu! Klachi alikuwa akiikanyaga kama anaua nge. Leo ana tumbo na watoto na ovaroli yenye mifuko minane, na bado ananiamkia kwa kuinama.

Nikamweleza: redio, kamera ya nyuma, na ramani inayosema Kiswahili.

Akacheka mpaka akaegemea gari. "Mwalimu! Redio sawa, kamera sawa. Ramani ya nini sasa? Si ramani ni wewe!" Mafundi wote wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Nikasema ni ya mama, anapenda kuona tunapopita.

Akang'oa plastiki za dashibodi, tak, tak, kila moja inalia kama inavunjika na mimi nashtuka kila moja. Likabaki shimo na waya za rangi zote. Alipomvuta yule wa Kijapani nje nikaomba nibaki naye. Nimemfunga kwenye gazeti, yuko kwenye buti.

Mpya ni kubwa, inang'aa, vidole vinaonekana juu yake. Spika akaja nami mpaka nyumbani. Tulipofika getini kwangu akanionyesha: unasimama mahali, unabonyeza hapa, unachagua Nyumbani, basi — imeshika. Ukiwa popote, gusa kale kapicha ka nyumba, itakurudisha. "Hata ukilewa, Mwalimu!" Sinywi. Nikamshukuru kuliko ilivyostahili, mpaka akanitazama.

Jumanne, 11 Machi

Nimetoka peke yangu. Nikaenda kujipoteza kwa makusudi — sasa hayo ndiyo mambo ya mtu mzima? Mitaa ya mbali, vichochoro, mpaka nikawa kweli sijui. Nikagusa kapicha ka nyumba. Bibi mpya akasema: endelea mbele mita mia mbili, kisha pinda kushoto. Mita baada ya mita, kona baada ya kona. Nguzo. Fundi cherehani. Geti langu!

Nilikaa garini nikalia kidogo. Ya furaha. Nadhani ya furaha.

Mama watoto hampendi. Anasema anaongea kama anatangaza msiba. Na hasalimii! Anaingia tu na amri. "Yule wa kwanza alikuwa na malezi."

Ijumaa, 14 Machi

Balaa. Tunakwenda kumwona dada wa mama watoto, tumefika kwenye mzunguko, bibi akaganda. Picha imeganda, sauti haijaganda. Toka upande wa kushoto. Toka upande wa kushoto. Upi? Njia zote kwenye mzunguko zinatokea kushoto! Nikazunguka. Nikazunguka tena. Kichwani hamna kitu, nakuapia, weupe mtupu, na hii ni njia tuliyoipita tangu tukiwa wachumba.

"Leo tunatembezwa?" akauliza mama watoto.

Naijaribu kamera, nikamwambia. Kamera ya nyuma! Kwenye mzunguko! Alinitazama, akatazama mbele, akasema kama anaongea na kioo, "Dada anakaa barabara ile ya kituo cha mafuta." Nikatoka hapo. Kwa nini hakusema zaidi?

Spika nimempigia. "Inataka kuapdetiwa tu, Mwalimu. Programu ya zamani hiyo. Nilete Jumatatu, itakaa sawa."

Jumapili, 16 Machi

Sijatoka. Nimesingizia mgongo.

Binti alipiga simu kwa mama yake. Nilikuwa ukumbini, wao wakanong'ona. Nimesikia "mzunguko". Au nilitaka kusikia. Niliporudi sebuleni mama watoto akabadilisha mazungumzo, akauliza chumvi imenitosha kwenye mboga au vipi. Jamani, hatukuwa hata tumekula!

Jumatatu, 17 Machi

Gereji siku nzima. Spika akachomeka kidubwana chake, mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini. Usizime gari, usiguse kitu. Umeme ukikatika katikati imekufa. Nikakaa naulinda mstari kama chungu kisiungue. Ulifika katikati ukasimama. Nikasimama nao. Mara ukaendelea.

Ukaisha. Skrini ikawaka upya, nzuri, nyepesi — na tupu. Imefuta kila kitu, hata stesheni za redio. Spika akasema usijali, Mwalimu, nakurudishia. Nikamwona kalisogeza gari mpaka kwenye geti la gereji, kasimama, kabonyezabonyeza, kazunguka nalo mtaa, karudi na mkono nje ya dirisha. "Inarudi yenyewe kama njiwa!" Mafundi wakampigia makofi. Nami nikapiga. Moyo ukatulia, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Na la kufurahisha: kurudi nyumbani sikuiwasha hata. Kichwa kilikuwa safi. Nikaona nguzo, nikatia indiketa, nikapinda, nikijiimbia. Labda nilichoka tu siku zile. Mtu huchoka.

Jumatano, 19 Machi

Kliniki. Nje, kwenye kivuli cha ukuta. Asubuhi mama watoto alikuwa mchangamfu mno, ananishikashika begani. Simwamini akiwa hivyo. Kasema Jumamosi watoto wote watakuja. Kwa nini wote? "Kwani wakija kwao mpaka iwe na sababu?" Mpaka Jumamosi nahitaji siku bila kosa. Moja, nyingine, nyingine. Nitatumia kitufe kila mahali, sitajaribu ushujaa. Bibi akisema kushoto, kushoto.

Anatoka. Goti linakunjika leo! Anatembea kama bi harusi.

—

Bado Jumatano. Tuko kwenye geti la gereji.

Niandike kama ilivyokuwa. Alipokaa nikagusa kapicha ka nyumba. Barabara kubwa, sawa. Taa, sawa. Akawa ananisimulia habari za yule wa goti, mimi nasikiliza wa kwenye skrini. Akakatisha. "Si umepita kona yetu?" Nikasema najua ninachofanya, ramani mpya ina njia ya mkato. "Njia ya mkato ya kwetu?" Nikasema tulia, mama. Nikaendesha vizuri sana, vioo, indiketa, kila kitu. Pinda kulia. Pinda kulia. Umefika nyumbani.

Na mimi nikazima injini! Nikazima, nikavuta breki ya mkono, nikafungua mkanda. Ndipo nikaona matairi yaliyopangwa, na ovaroli kwenye kamba.

Spika akatoka anacheka tangu mbali. "Ohoo, Mwalimu! Nisamehe! Ile nyumbani yangu ya majaribio, nilisahau kuifuta! Kwani hamkuona mnapita kwenu?" Halafu akatuona nyuso. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akaishia zake ndani.

Mama watoto hakugeuka. Akauliza polepole, "Nguzo hukuiona?"

Hapana.

"Duka la fundi? Alikupungia mkono."

Sikumwona mtu.

Nilingoja apige kelele. Kelele ningeziweza. Akafungua droo ya dashibodi, akatoa kitabu hiki, ambacho hajawahi kukigusa, akaniwekea mapajani na kalamu juu yake. "Andika kwanza. Najua ukiogopa unaandika." Akanyoosha kidole, akamzima bibi. Skrini nyeusi. "Ukimaliza, tupeleke nyumbani. Wewe mwenyewe. Bila huyo."

Kwa hiyo naandika. Naandika polepole kuliko siku zote. Ameweka mikono juu ya mkoba, anangoja, na mimi ninatazama barabara mbele ya geti inavyokwenda huku na inavyokwenda kule, na pande zote mbili ni barabara tu. Juzi nilitoka hapa hapa naimba. Niliimba nikielekea wapi?

Nimewasha injini. Kitabu kiko kwenye usukani. Nimetia indiketa, kushoto. Inagonga. Yeye anatazama kulia, hageuki.