Moshi wa Mchana Mwezi wa Mfungo

Jumamosi, 14 Septemba 1974

Kufyeka shamba la kijiji tangu asubuhi. Mkono wa kulia unawaka, ndiyo maana mwandiko unakwenda upande. Mwalimu wa kisomo anatuambia tuandike kila tukipata nafasi, tusije tukasahau. Basi naandika. Hakuna wa kusoma, na heri.

Jioni nimemaliza kufunga mahindi na Mama. Ni mama wa mume wangu, lakini tangu Athumani aende kukata mkonge kule Korogwe tumebaki wawili tu humu ndani, na neno "mkwe" limekwisha kinywani. Tunayafunga na maganda yake, mawili mawili, tunayaning'iniza kwenye uchaga juu ya mafiga. Moshi unayapata kutwa, fukusi hawayagusi. Nilikuwa nafunga, Mama anafungua, anafunga upya. Anasema mafundo yangu ni ya kufungia mbuzi wa kuazima. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Ndiyo akiba yetu. Mwaka jana mvua ilitutupa, tukala mpaka mbegu. Akina mama wa msikiti tukakubaliana: kila nyumba iwe na mahindi ya kula mpaka mavuno, mbegu ya vuli, na fungu la asiye na kitu. Bi Zuhura, mkubwa wetu, anapita kukagua. Hana haya yule. Juzi alipanda juu ya kinu changu achungulie uchaga vizuri.

Jumanne, 17 Septemba

Tumefunga leo. Kiu kidogo, njaa hakuna.

Bi Zuhura ameleta shauri. Mwezi huu tupike futari pamoja uani kwake, sufuria kubwa, moto mmoja. Chakula cha daku nacho kipikwe hapo hapo, kila mtu abebe bakuli lake akale kwake. Kuni ni mbali siku hizi, na tangu tuhamishiwe hapa kijijini nyumba zimebanana, kwa nini kila mtu ajichomee peke yake? Nimeliunga mkono kuliko wote. Nimechoka kukoroga uji na jasho la shambani bado liko mgongoni.

Mama aliinamia ungo wake. Alikuwa anachagua kunde.

Ijumaa, 27 Septemba

Siku nzuri hizi. Tunafuturu kwenye mikeka, watoto pembeni, magimbi na uji wa pilipili manga. Bi Zuhura anatupigia kelele kama ng'ombe wake. Nampenda tu, hata anaponiudhi.

Nimefagia jiko langu mpaka limeng'aa. Halina jivu wala masizi. Mama anaingia, anasimama, anashika mafiga. Anasema jiko limepoa. Nikamwambia lipoe, nalo lifunge. Akanikata jicho, kisha akacheka mwenyewe.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimeona unga juu ya figa. Laini, kama umepepetwa. Nikadhani panya. Nikainua kichwa, nikashusha fungu moja, nikafunua ganda. Wanatembea. Fukusi, wamejaa, na punje zimebaki maganda matupu.

Nikashusha lingine. Hivyo hivyo. Nikaacha kushusha.

Jiko halijawaka tangu tuanze mfungo. Sote tulifurahia kuni kupungua, hakuna hata mmoja aliyekumbuka moshi. Watu wazima kabisa, tumekulia chini ya uchaga. Na mimi ndiye niliyelishangilia shauri lile.

Nimelia. Vuli ikija hatuna mbegu, tutarudi kule kule kwa mwaka jana. Mama alijinyima mwezi ule mpaka mbavu zikahesabika. Sitaki kumwona vile tena. Sitaki.

Jumatano, 2 Oktoba

Mama amewasha moto alfajiri, baada ya kuswali. Hakuniuliza. Magunzi, mavi makavu ya ng'ombe, na majani mabichi juu yake ili moshi uwe mzito. Amesema mbegu zimefungwa katikati, huko ndani pengine hawajafika. Moshi usikatike mchana kutwa, siku kadhaa, watakimbia.

Mimi lazima niende shamba la kijiji. Kwa hiyo anakaa yeye. Amefunga, koo kavu, macho mekundu, anapuliza. Nilimsihi asubiri jioni. Anasema fukusi hawangoji magharibi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Watu wameanza kusema. Moshi mchana mwezi wa mfungo, nyumba ya watu wawili, wote wanawake. Nani atadhani tunafukiza mahindi? Nimewakuta kisimani, nilipofika wakanyamaza. Mwingine akaniuliza kama tumbo limetulia.

Nimerudi nimevimba. Nikamkuta Bi Zuhura jikoni kwangu, amefunua chungu. Ndani hamna kitu. Akafunua kingine. Nilitaka kumfukuza, haki ya Mungu nilishafungua mdomo. Mama akaniwahi. Akampa Bi Zuhura kigoda, akashusha fungu la mahindi, akaliweka mapajani mwake. Ajionee mwenyewe.

Bi Zuhura akafunua ganda. Akatazama muda mrefu. Akainuka, akaondoka bila kuaga, anakwenda mbio na ule mwili wake.

Nimemwonea huruma, lakini baadaye. Kwanza nilifurahi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nilikuwa shambani, tumeinama na majembe. Mtu akasema, tazameni kijijini.

Kila jiko linatoa moshi. Saa sita mchana, jua la utosi, Waislamu wamefunga, na kijiji kizima kimetanda moshi kama siku ya harusi. Hakuna chungu hata kimoja motoni. Mpita njia wa Kabuku akiona atatushangaa sana. Bi Zuhura alipita jana nyumba kwa nyumba, akasema kosa ni lake, lile shauri lilikuwa lake. Mimi nikasema ni letu sote. Nilisema kwa sauti, wasikie.

Nimetembea nyumbani macho yananiwasha, nimefurahi kupita kiasi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemkuta Mama ameanguka kando ya mafiga. Shavu lipo kwenye jivu. Bado ana pumzi, midomo imepasuka. Nilimwita, alijibu kwa mkono tu.

Nikamvuta nje kivulini, nikaleta maji. Akafumba mdomo. Akatikisa kichwa. Jua lilikuwa bado juu, anajua. Nikamwambia Mungu ameruhusu mgonjwa, akazidi kufumba. Basi nikamshika taya kama mtoto, nikamnywesha kwa nguvu. Ya kwanza aliitema. Ya pili ilipita. Nikamnywesha mpaka kata ikaisha.

Maisha yake yote hajawahi kula siku moja ya Ramadhani kwa ugonjwa. Alikuwa anajisifia hilo, kidogo, akidhani hatusikii. Mimi ndiye niliyemkatia. Alinitazama, sijui niandikeje. Kisha akageukia ukutani.

Ningefanya tena.

Ijumaa, 11 Oktoba

Haongei na mimi. Mwalimu wa madrasa alikuja, akamwambia asifunge mpaka apate nguvu, ni haramu kujiua. Anakunywa uji, lakini amenipa mgongo. Nikisema shikamoo anaitikia, hapo tu ndipo ninapoisikia sauti yake. Nyumba ya watu wawili, mmoja akinuna unaishi na ukuta.

Moto nawasha mimi. Alfajiri kabla ya shamba, mchana anapita binti wa jirani, jioni mimi tena. Nimeshusha mafungu ya katikati leo. Mbegu nzima. Nyingine zimetobolewa, lakini mbegu ya kupanda ipo, na ya kumgawia mjane wa nyumba ya mwisho ipo pia. Ya kula imepungua, tutabana.

Nilitaka kumwonyesha. Nikaziweka karibu na mkeka wake, nikatoka. Niliporudi amezifunga upya, mafundo yake.

Alhamisi, 17 Oktoba

Idd. Athumani amekuja na lori la mkonge, kaleta kanga mbili na nyama. Ya Mama ni nyekundu, yangu ya njano. Mama amejipaka mafuta, amekaa mlangoni kama bibi harusi, watoto wanampa mkono wa Idd. Na mimi nimempa mkono. Ameupokea.

Athumani ameniuliza kuna nini kati yetu. Nimemwambia moshi. Ameridhika, wanaume wanaridhika upesi.

Akina mama wamekubaliana upya kwa Bi Zuhura. Mfungo wa mwakani futari ya pamoja ibaki, ina raha yake. Ila kila jioni kila nyumba iwashe moto kwake kwanza, chini ya uchaga, hata kama hakuna cha kupika. Bi Zuhura alisema ataikagua mwenyewe. Hakuna aliyeshangaa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua imekuja, siyo nyingi. Jana tumepanda. Mbegu zote zimekwenda ardhini, na za mjane tumempandia, magoti yake hayafai. Athumani amerudi Korogwe.

Asubuhi Mama ameniamsha mapema, kabla ya adhana. Ameweka uji, bakuli mbili. Akaniambia leo analipa siku zake. Na wewe zipo zako, akasema, zile za kila mwezi, usidhani sioni. Kula.

Tukala gizani. Yeye akamaliza kwanza. Akamimina maji kwenye kata, akanywa nusu, nusu akanisogezea.

Tumefunga wote wawili. Kijiji kizima kinakula mchana, sisi tumekaa jikoni tunachambua kunde. Ana mbegu za kunde mapajani, mimi maganda. Ananuka moshi, na mimi hivyo hivyo.