Makofi Hayarudishwi

3 Machi

Mwanangu wakili,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila magoti yangu, siku hizi yanaongea kuliko mimi.

Nimestaafu. Jumamosi nimeaga pale sokoni, nimepanda juu ya kreti nikatoa hotuba, nikawaambia binti yangu kasema inatosha, mzee apumzike. Kona yangu ya viatu vya mitumba nimemwachia Kipara, yule wa mikanda. Watu walipiga makofi. Mmoja alilia kabisa, kumbe jirani yake alikuwa anakata vitunguu.

Baba

19 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini magoti yamepoa. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka. Kazi yangu ni ileile, kuandika notisi za kuwatoa watu kwenye nyumba. Juzi nilimkabidhi mama mmoja ya kwake, akanijibu "asante" kwa adabu. Sijalala vizuri tangu hapo.

Baba, nimeomba chuo cha famasia. Nataka mtu akiondoka mbele yangu awe amebeba kitu cha kumsaidia. Wameniita nikahojiwe mwisho wa mwezi ujao. Wakinichukua naacha kazi, narudi darasani miaka minne, na ile ahadi ya kukupumzisha itabidi ingoje. Nilipoomba sikujua umeshaaga. Ukisema nisiende, siendi.

Mwanao

10 Aprili

Shikamoo Baba,

U mzima? Mbona kimya? Kama umekasirika nigombeze tu, nitajua niko nyumbani.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, sikukasirika. Mtu wa darasa la tatu husoma polepole, na barua yako ilikuwa nzito.

Kusema kweli, kukaa nyumbani kumenishinda. Hata kuku walianza kuniangalia kama mgeni asiyejua kuaga. Nikaenda kwa Kipara kuomba kona yangu. Nikabembeleza, nikamtania, nikamkumbusha nani alimfundisha kuita wateja. Akaendelea kupanga mikanda yake, kisha akasema, "Mzee, uliaga tukapiga makofi. Makofi hayarudishwi."

Basi nimepata nafasi nyingine, kando ya mtaro. Si pabaya. Harufu inawafukuza wale wa kushika-shika tu. Anayevumilia mpaka kunifikia, huyo kweli hana viatu. Jua ndilo halina utani. Ikifika jioni miguu imevimba, muuza viatu mzima narudi nyumbani na vyangu mkononi.

Wewe nenda. Wakikuuliza kwa nini unaacha uwakili, waambie ukweli kama ulivyoniambia mimi. Wakikuuliza baba yako anasemaje, waambie amechoka kupumzika. Huo ni uongo, lakini ni wangu. Wewe ufikishe tu.

Baba