Hesabu kwa Pumzi Moja

Mandewa, 3 Juni

Shikamoo baba. Mnaendeleaje huko Mungaa, na goti la mama? Sisi wazima, ila mimi usingizi sina tangu udondoke kwenye mkokoteni wa maksai. Nikipiga simu unakata, halafu unaniletea meseji. Nesi Loyce wa hospitali anasema kila asubuhi wanakutumia swali la maumivu, sifuri mpaka kumi, na kila asubuhi unawajibu mbili. Mbavu zimevunjika mbili baba, na maumivu nayo mbili? Vidonge unakunywa?

Mwanao, Aneth

Mungaa, 4 Juni

Marahaba mwanangu. Hatujambo, mama yako yuko kwenye alizeti. Mtu akikujulia hali asubuhi utamjibu nini kama si nzuri? Mimi si wa kumlilia nesi. Vidonge vipo kabatini. Dawa inanyamazisha maumivu, na mimi nataka niyasikie, ndiyo yananiambia kama mfupa unaunga. Tena najijua, mwili huu ukiacha kuuma tu nitabeba gunia.

Baba yako

Mandewa, 4 Juni

Shikamoo tena baba. Nimemsomea nesi ulichoandika. Anasema mbavu zikiuma mtu anapumua kidogo kidogo, anaogopa hata kukohoa, na mwishowe anapata nimonia. Inaua, baba. Ile mbili yako haitaki tena. Anataka uvute pumzi moja, uhesabu kwa sauti mpaka ikuishie, uniandikie umefika ngapi. Nakuomba usinidanganye.

Mwanao

Mungaa, 4 Juni

Saba.

Baba yako

Mandewa, 5 Juni

Shikamoo baba. Saba? Wewe uliyekuwa unahesabu zizi zima la babu kwa pumzi moja? Kumbe ndiyo maana hupokei simu, kuongea kunakuuma. Nesi anasema nenda kituo cha afya leo wakupime kifua, na vidonge uanze leo hii ukishakula. Nijibu.

Mwanao

Mandewa, 6 Juni

Shikamoo baba. Simu ya mama imezima, yako inaita tu. Kazini ruhusa ya kuja huko sipati mpaka Jumamosi. Naogopa baba. Niandikie hata namba.

Aneth

Mungaa, 7 Juni

Marahaba mwanangu. Hatujambo, na safari hii nasema kweli. Simu niliisahau nyumbani kitandani, ya mama yako ikaisha chaji. Jirani yetu Calist alitupeleka kituo cha afya, wakanilaza siku mbili, kifua kilishaanza kukoroma. Ile saba nayo haikuwa saba. Ilikuwa tano, nikapumzika nikarudia, nikaona aibu kukuandikia tano.

Sasa vidonge anavyo mama yako, ananipa kila nikimaliza uji. Maksai amewapeleka kwa Calist nisipate cha kushika. Asubuhi nesi alipouliza nikamjibu sita, akanishukuru, nikashangaa.

Nimehesabu tena leo, nimefika kumi na nane. Ishirini nataka uisikie mwenyewe. Piga simu, nitapokea.

Baba yako